Kanga Kwenye Msumari

Jumapili, 4 Mei

Nesi Klementina wa zahanati ameniambia kama sina wa kumwambia, niandike. Nikamjibu nina mume. Akasema, "Mume wako anakuja Jumapili kwa Jumapili, na akija analala. Andika." Basi naandika nyuma ya daftari la Asumini la chekechea. Kurasa za mbele kachora kuku.

Mimi ni Naila, mama wa Asumini na wa Mayige, ambaye ameota meno mawili na anayajaribu kwangu kila akinyonya. Nimekulia Bariadi mjini, dukani kwa baba, nyuma ya magunia ya sukari. Mume wangu ni Sharifu, ila hapa kwao Lalago hakuna anayemwita hivyo, wanamwita kwa jina la Kisukuma alilozaliwa nalo. Tangu Machi nimekaa hapa kwa wakwe. Mama mkwe wangu, Mama Nyamizi, alikatwa titi la kushoto kule Mwanza, na sasa anatundikiwa dripu za dawa kila baada ya wiki tatu. Sharifu yuko kiwandani Bariadi, msimu wa pamba umefunguliwa, ruhusa hapati. Nimehamia na watoto ndani ya nyumba ya Mama, chumba kimoja, mlango mmoja, ili akiita nimsikie.

Siku ile naingia na godoro langu, baba mkwe, Mzee Mayala, alitoka na ngozi yake ya kulalia. Akahamia kwenye kibanda cha karibu na zizi. Mpaka leo hajakanyaga tena humu. Mtu umeishi na mke tangu ujana, akikatwa titi unahamia kwa ng'ombe!

Nimeandika. Kweli nimepumua kidogo.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Nguo hazikukauka. Mzee hakuingia.

Ijumaa, 9 Mei

Leo Asumini kamuuliza bibi yake, "Bibi, titi lako lingine limeenda wapi?" Nilikuwa namwosha Mama mgongo, nikataka kumfinya mtoto. Mama akanizuia.

"Lilikuwa na ugonjwa, daktari akalitoa. Wewe ulipotolewa mwiba mguuni, walikurudishia?"

"Hapana."

"Basi."

Asumini akafikiri. "Sasa Mayige akitaka kunyonya kwako atapata nusu."

Mama alicheka huku ameshika mshono, anasema, "Mtoeni huyu, ataniua kabla ya ugonjwa." Ni mara ya kwanza nimemsikia akicheka hivyo tangu Machi. Nilikuwa nimejiandaa kumdanganya mtoto kwamba bibi aliumia shambani. Afadhali sikuwahi.

Tumefanya na zoezi la mkono. Nesi alituonyesha: unasimama karibu na ukuta, unapandisha vidole kama buibui anavyotambaa, mpaka mkono ukatae. Tunafanyia nje, pembeni ya mlango, asubuhi kuna jua. Anapoishia naweka alama ya mkaa. Leo vidole vimefika usawa wa bega. Juu sana kuna msumari mkubwa ambao Mzee alikuwa akitundikia kofia yake. Sasa hauna kitu. Mama aliutazama, akashusha mkono.

Jumamosi, 10 Mei

Michembe, viazi vikavu, na chai. Mayige kaharisha. Mzee kanisalimia kwa mbali kwa Kisukuma, mama habari za asubuhi, uso kaugeuzia ng'ombe, "Mayu, mwangaluka." Nikachuchumaa nikaitikia. Hakuingia.

Jumatatu, 12 Mei

Mama amesema harudi Mwanza.

Nilidhani anatania. Nilikuwa nampoozea uji, maana dawa imemtoa vidonda mdomoni, nikamwambia, "Kunywa, Mama, upate nguvu, tarehe ishirini tunaenda kutundikiwa."

"Mtaenda na nani? Mimi siendi."

"Mama, daktari alisema tusikatishe."

"Daktari ana mke wake. Mimi nipone nimponee nani? Mwenye nyumba kahama. Anaona kinyaa, na simlaumu. Nimekuwa na kichwa kama kibuyu, kifua upande upande. Mwache akae na ng'ombe wake, wao wamekamilika."

"Na mimi? Na wajukuu zako?"

"Wewe umechoka, mwanangu. Ukidhani sikuoni, nakuona. Juzi umelala umesimama, umeshika mwiko."

Kweli nililala nimesimama. Lakini nilimwambia kwa ukali, na mkwe huwa hasemeshwi kwa ukali, kwamba atakwenda hata kama nitambeba mgongoni na Mayige nimfunge mbele. Akageukia ukutani.

Nikatoka kwenda kukata kuni ambazo hazikuhitaji kukatwa. Mzee alikuwa anapita na ndama. Nilimtazama vibaya. Sijawahi kumtazama mtu mzima vile.

Jumatano, 14 Mei

Ugali umeungua. Mama hakula. Si kwa sababu ya kuungua.

Alhamisi, 15 Mei

Upepo umeanza, mvua imekatika kabisa. Pamba imepasuka yote kwa mkupuo, shamba zima jeupe na wachumaji hatuna.

Jioni nimemkuta Asumini zizini na babu yake, Guku kama wanavyoita hapa. Anamwita Asumini "mke wangu", ndio utani wao. Nikajificha nyuma ya ua wa miiba nisikilize.

"Haya mke wangu, habari za mke mwenzio. Kala?"

"Hajala. Kanywa maji."

"Kacheka?"

"Hajacheka. Kasema kichwa chake ni kibuyu."

Mzee akasema, "Kamwambie hicho kibuyu ndicho ninachonywea."

"Kamwambie wewe."

"Mimi siwezi kuingia."

Nilirudi nyumbani nimefura kwa hasira. Hawezi? Miguu anayo. Ng'ombe anawafuata mpaka bwawani na kurudi, hatua chache za uani ndizo anazoshindwa? Anamtuma mtoto wa chekechea akamuulizie mke wake!

Ijumaa, 16 Mei

Leo nitaandika mpaka kalamu iishe.

Shangazi Milembe, dada yake Mzee, alikuja kunisaidia kuchuma. Tulianza na umande, Mayige mgongoni, viroba viunoni. Nikayamwaga yote: Mzee alivyohama, Mama anavyokataa Mwanza, mtoto anavyotumwa kama shushushu. Nikasema, "Shangazi, nisamehe, lakini kaka yako hana moyo."

Mabega ya Milembe yakaanza kutikisika. Nikadhani namliza. Akakaa chini katikati ya pamba, akacheka mpaka kilemba kikamvuka.

"Naila. Nyumba ya wifi ina milango mingapi?"

"Mmoja."

"Na wewe unalala wapi?"

"Humo humo. Karibu na mlango, nimsikie."

"Na Mayala ni nani wako?"

"Baba mkwe."

"Sasa ulitaka apitie wapi? Paani?"

Sikuelewa. Akajifuta macho, akanishika mkono kama anamfundisha mtoto.

"Baba mkwe haingii chumba anacholala mkamwana wake. Hata ukiwa umetoka, godoro lako limo, nguo zako zimo, hicho ni chumba chako. Akiingia ni kama amekuvua nguo mbele ya watu. Ulipoingia na godoro, ndipo ulipomtoa. Kwa nia njema umemtoa, mwanangu, lakini umemtoa."

Nilijua hatupeani mikono. Nilijua hatuli pamoja, na salamu ni ya mbali. Hayo waliniambia wakati wa ndoa. Habari ya mlango hakuna aliyenitajia.

"Mbona hakusema?"

"Amwambie nani? Wewe? Na wewe ana salamu tu. Mke wake? Kila saa uko pembeni yake na beseni. Atasema yale ya mume na mke wewe unasikiliza?" Akaanza kucheka tena. "Hebu nenda kaangalie nyuma ya nyumba, upande wa kitanda."

Nikaacha kiroba, nikaenda. Nyuma ya nyumba sipitagi, ni vichaka. Chini ya kidirisha cha Mama kuna kigoda. Majani yamekanyagwa yamelala kabisa. Na pembeni kuna kamba za katani, mpya, zimesokotwa vizuri na kukunjwa, rundo mpaka magotini kwangu. Mzee ana ng'ombe kumi na kitu. Kamba zile zinatosha kufunga ng'ombe wa kata nzima.

Kumbe kila mchana nikidhani yuko malishoni, yuko hapo, anasokota, anasikiliza mke wake anavyopumua.

Nilikaa kwenye kile kigoda, nikalia na kucheka kwa pamoja, Mayige akanishangaa.

Nikaingia kwa Mama.

"Mama, Mzee hana kinyaa. Ni mimi niliyemfungia mlango."

Nikamweleza. Nilipofika kwenye kamba akainua kichwa. "Kamba?"

"Rundo, Mama."

"Mayala anachukia kusokota kamba. Siku zote anatuma watu." Midomo yake yenye vidonda ikacheza. "Lakini wewe ni wa mjini, hukujua. Mimi je? Nimezaliwa huku huku, nilijua kwamba godoro lako ni mwiko kwake. Ila nilipojiona nilivyo, nikasahau ninayoyajua, nikabaki na kinyaa tu." Kisha akakunja uso. "Mjinga yule. Si angekohoa?"

"Angekohoa ungemwambiaje?"

"Ningemwambia aache, ananiamsha."

Ila Mwanza bado hajakubali. Amesema, "Aje aseme mwenyewe."

Jumamosi, 17 Mei

Nimehama. Godoro, beseni la nguo za watoto, kila kilicho changu nimepeleka jikoni. Nimefagia hata nywele zangu. Milembe ndiye aliyepanga: nikiwa ndani kumhudumia Mama natundika kanga yangu kwenye msumari wa mlangoni. Nikitoka natoka nayo. Kanga ipo, Mzee asisogee. Haipo, nyumba ni yake. Asumini alitumwa kumpa babu yake maelezo hayo. Mzee akamwuliza, "Ni kanga ya rangi gani?" Nyekundu, Guku. "Wabeja," akasema, yaani asante, akarudi kukamua.

Jumapili, 18 Mei

Sharifu amekuja. Nimemuuliza kwa nini hakuniambia. "Nilidhani unajua. Kila mtu anajua."

"Kila mtu aliyezaliwa hapa, Sharifu!"

Kawapeleka watoto kutembea, nikalala mchana kutwa. Mzee bado hajaingia. Kanga nimetoka nayo tangu asubuhi.

Jumatatu, 19 Mei

Kaingia!

Nilikuwa jikoni nachambua mlenda. Nikamwona anavuka ua, kanawa, kavaa shati la kwenda mnadani, kofia mkononi. Akasimama mlangoni akautazama msumari mtupu kwa muda mrefu kabisa. Akatundika kofia yake. Akaingia.

Jani la mlenda limebaki hewani mkononi kwangu.

Kisha sauti ya Mama: "Unanuka ng'ombe."

"Na wewe unanuka dawa."

Nilijua kinachofuata, maana mimi ndiye ninayekifungua kila siku kitambaa kile cha kifuani. Aliyonieleza Mama baadaye ni haya. Alimwonyesha mshono. Mzee akautazama wote, mwanzo mpaka mwisho, akasema, "Ng'ombe wangu mzuri kuliko wote alikuwa na pembe moja." Mama akamchapa kofi kwa mkono wake mzima. "Nikamwambia, mimi si ng'ombe. Akasema anajua, ng'ombe hajibu hivi."

Kutoka jikoni nilichosikia ni kofi, na baada ya kofi watu wazima wawili wanacheka kama wamevunja chungu cha mtu.

Halafu Mzee kwa sauti kubwa, ya kunifikia mimi: "Kesho tunakwenda Mwanza. Mimi na mke wangu. Mayu abaki alale."

Jumanne, 20 Mei

Wameondoka na basi la alfajiri. Nimelala. Nimeamka, nimenyonyesha, nimelala.

Jumatano, 21 Mei

Mzee kapiga simu. Anapiga kelele kama yuko ng'ambo ya ziwa na mimi sina simu.

"MAYU! DRIPU IMEISHA! KALALA!"

"Alhamdulillahi, Baba. Na wewe umekula?"

Akashusha sauti. Akaniambia wodini wanaume waliokuja na wake zao wako wengi, amekaa na mmoja wa Geita, na yule wa Geita naye alikuwa hajui afanye nini na mikono yake. Wakafundishana kupaka mafuta miguu. Tumeongea muda mrefu kuliko tangu niolewe. Mwishoni akasema, kama anayejitetea, "Kwenye simu hakuna mlango."

Jumamosi, 24 Mei

Wamerudi jana, Mama anatapika. Nesi Klementina kaja, kaniona nimeshika shuka, kanipigia kelele. "Wewe unanyonyesha! Nilisema siku hizi za mwanzo baada ya dripu matapishi na mashuka yake ayashike mwingine, na avae glovu!" Alisema, ndiyo. Lakini mwingine nilikuwa simwoni.

Sasa yupo. Mzee Mayala, mwenye ng'ombe, kachuchumaa uani anafua shuka la mke wake, glovu zimembana vidole vinene. Wapita njia wawili wamesimama kutazama. Kawauliza, "Mmepotea njia?" Wakaendelea na safari.

Jumatano, 28 Mei

Uji wa Mzee una mabonge. Mama anayatafuna, anasema ni nyama.

Jumapili, 1 Juni

Nimeleta balaa. Mchana nilimbadilishia Mama nguo, nikaenda shambani kuchuma, kanga nikaisahau msumarini. Narudi jua limeinama, namkuta Mzee amekaa mbali na mlango na bakuli la uji mapajani, umeganda kama gundi. Ndani Mama anafoka.

"Mayala! Nakwambia hamna mtu! Niko peke yangu!"

"Kanga ipo."

"Itoe!"

"Nishike kanga ya mkamwana?"

"Nina njaa!"

"Kanga ipo, Nyamizi."

Nilikimbia nikaichomoa, nikachuchumaa kuomba radhi. Mzee akainuka na bakuli lake, akanipita uso kaugeuzia zizi, akasema, "Mayu, huyu wa ndani akifa leo, ni njaa. Wamwandike hivyo."

Mama alikula gundi yote.

Jumamosi, 7 Juni

Idd. Sharifu kachinja mbuzi. Mama kala vipande vitatu vya ini na havikurudi. Zoezi: vidole vimepita juu ya kichwa. Siku hizi alama za mkaa anaweka Mzee, na anaiba, anaweka juu kidogo. Mama anamwambia afute.

Jumanne, 10 Juni

Wamekwenda tena. Safari hii hakuna aliyebembelezwa. Pamba yetu karibu imekwisha. Nimesuka nywele, mara ya kwanza tangu Machi.

Ijumaa, 13 Juni

Kutapika. Glovu. Mzee kaacha kusokota kamba, anasema zimetosha.

Alhamisi, 3 Julai

Dripu ya mwisho imeisha juzi. Daktari kamwambia sasa ni vidonge na kwenda kupimwa mara kwa mara, kwa muda mrefu. Hakusema amepona, alisema yuko vizuri na tuendelee. Mama kaniambia hilo "tuendelee" anataka alisikie kila akienda.

Kabla hawajalala Mzee kampigia yule mume wa Geita. Wamepigiana kelele mpaka salio likaisha.

Jumapili, 13 Julai

Kesho narudi Bariadi na watoto. Sharifu kaja kutuchukua. Nimefungasha.

Mchana, nilipomaliza kumpelekea Mama nguo safi, nimetoka na kanga yangu begani, nikaenda kuchukua uji. Mzee naye anakuja upande wa pili na maji ya moto ya kumkandia miguu. Tukafika pamoja karibu na mlango, tukasimama kila mtu kwake, tunasubiriana kwa adabu, mimi nimeinama, yeye anatazama ng'ombe.

Mama akatokea mlangoni. Nywele zimeanza kuota, fupi, nyeupe, kama za kifaranga. Begani ana kanga yake ya kijani. Akatutazama mimi na bakuli, Mzee na ndoo.

Akasogea ukutani. Akaishika kanga kwa mkono wa kushoto, mkono wa upande waliokata, akaanza kutambaza vidole. Akapita alama za Mei. Akapita alama za Mzee za wizi. Akasimama, akauma mdomo, Asumini akasema, "Bado kidogo, Bibi," na nikaona Mzee ameinua mkono wake wa kushoto naye, ndoo imebaki kwenye wa kulia, kama anamsaidia kwa mbali.

Akafika. Akatundika kanga yake kwenye msumari.

"Mmenichosha," akasema. "Huyu uji, huyu maji, huyu uji, huyu maji. Nataka kulala peke yangu kwenye nyumba yangu. Asiingie mtu."

Akafunga mlango.

Tumebaki uani. Mzee akaweka ndoo chini, akakaa kwenye kigoda upande ule. Mimi nikakaa kwenye kinu upande huu.

"Mayu," akasema, kwa ng'ombe. "Tumefukuzwa."

"Ndiyo, Baba. Kanga ipo."

"Ipo," akasema.

Kutoka ndani tukasikia anakoroma.